Uso Si Waraka

Kwa heshima na taadhima, na kwa spika mbili ambazo moja ilikuwa mbovu, wananchi wote walitangaziwa kwamba wizi wa utambulisho umekwisha. Ulikwisha siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi. Aliyeumaliza ni Mkurugenzi wa Idara ya Kuhakikisha Kwamba Wewe Ni Wewe, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda iliyofunikwa kwa zulia jekundu, kwa kuwa yeye ni mfupi na wizi ni mkubwa.

"Matapeli wanawatumia vijana wetu kazi za uongo," alisema. "Kijana anaambiwa amepata kazi. Anatuma kitambulisho, anatuma vyeti, anatuma picha. Kesho yake mtu mwingine anatembea mjini akiwa yeye! Idara imelitafakari jambo hili kwa vikao kumi na saba na dawa imepatikana. Kuanzia leo, kila mtafuta kazi alete vyeti vyake halisi hapa, tumtunzie sisi. Mwizi akija kwako, akute huna kitu!"

Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wafanyakazi wa Idara, ambao makofi yalikuwa kwenye ratiba yao, kati ya kufungua mkutano na chai.

Katika umati huo alikuwepo msichana mmoja ambaye hakupiga. Hakuwa mkaidi. Mikono yake ilikuwa na kazi: bahasha mbili, faili moja, na kikaratasi cha foleni namba 214. Ndugu na majirani walimwita Hadubini, jina la kile chombo cha kukuzia vidudu, kwa sababu alisomea kazi ya maabara, na kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuona kitu bila kukikodolea macho mpaka kitu chenyewe kione haya.

Na yeye ndiye aliyeibiwa.

Yalianza miezi mitatu nyuma, alipokuwa amekaa nyumbani mwaka mzima na stashahada yake ikining'inia ukutani kama kalenda ya mwaka uliopita. Siku moja simu ikalia. "Mpendwa Mteule, hongera! Umechaguliwa kuwa Mkuu wa Maabara katika hospitali yetu ya kimataifa." Hadubini hakuwa ameomba kazi hiyo. Hospitali yenyewe haikuwa na mtaa wala mlango. Ilikuwa na nembo tu, tai aliyekumbatia bomba la sindano. Lakini ukikaa bila kazi mwaka mzima, hata tai akikukumbatia unaona joto. Akatuma kitambulisho mbele na nyuma. Akatuma stashahada. Akapiga picha ameshika kitambulisho shavuni, akatuma. Mwisho zikaja tarakimu sita kwenye simu yake, akaambiwa azitaje ili ajira ikamilike. Akazitaja.

Jioni akamweleza Shangazi, fundi cherehani, ndiye aliyemlea.

"Wamekuita kwenye usaili?" Shangazi aliuliza, pini tatu mdomoni.

"Hapana, Shangazi."

"Wamekuona?"

"Wameona picha."

Shangazi akatoa pini moja baada ya nyingine, ishara kwamba hotuba inakuja. "Mimi siwezi kumkatia mtu suruali bila kumpima kiuno. Hao wamekuajiri bila kukuona hata kisigino? Mwanangu, wamekuvua nguo, na wewe ndiye uliyewashikia taa."

Hospitali ya tai haikujibu tena.

Kisha, wiki moja kabla ya hotuba ya kreti, ikaja kazi ya kweli. Kazi ya kweli hutambulika kwa kukosa adabu. Hospitali ya upande wa pili wa mji, yenye ukuta, choo na harufu ya dawa, ilimwita, ikamweka kwenye benchi saa tatu, kisha mkuu wa maabara, mama mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, akamtazama miguuni.

"Viatu gani hivyo? Hapa ni maabara, si harusini. Kaa. Hesabu hizo seli."

Hadubini akahesabu. Mama akahesabu tena nyuma yake, akakuta ni sawa, akakasirika kidogo, akamwajiri. Aripoti na karatasi zake Ijumaa ya wiki iliyofuata, kabla ya saa sita mchana.

Ndipo karani wa hospitali alipofungua Daftari Kuu la Ajira na kukohoa.

"Dada, mbona wewe una kazi tayari? Wewe ni mlinzi, ghala la mpakani. Umeanza miezi miwili na nusu iliyopita." Akafunua ukurasa. "Umepandishwa cheo mara mbili. Sasa ni Mkuu wa Walinzi. Na umepewa cheti cha mfanyakazi bora. Hongera."

Sheria ilikuwa jina moja, kazi moja. Bila barua ya Idara inayosema Hadubini ndiye Hadubini, Ijumaa saa sita nafasi ingekwenda kwa aliyemfuata kwenye orodha.

Shangazi alipoambiwa habari hizo aliguna. "Angalau mmoja wenu anachapa kazi," alisema. Kisha akamshika mkono, akaushika muda mrefu.

Kwa hiyo Jumatatu ile, hotuba ilipokwisha na kreti ikarudishwa kwa mwenyewe, Hadubini alisogea na foleni mpaka Dirisha la Pili. Dirisha la Kwanza lilikuwa limekwenda kunywa chai. Kwenye la pili alikaa karani wa makamo ambaye watu walimwita Bwana Kesho, kwa sababu hilo ndilo neno alilolipenda kuliko mengine yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shida?"

"Nimeibiwa utambulisho."

"Na nani?"

"Simjui. Lakini anatumia jina langu."

"Nahitaji jina la mwizi."

"Ndiyo nakuambia, mzee, anatumia langu."

Bwana Kesho akaandika kwa makini. "Kwa hiyo mtuhumiwa ni wewe. Kitambulisho?"

Hadubini akapitisha nakala. Juu yake, kwa kalamu ya wino, kutoka kona hadi kona, palikuwa na maneno: *Kwa Idara tu, kwa barua ya uhakiki, Jumatatu.* Hiyo ilikuwa amri ya Shangazi. Kitambaa cha mteja yeye hukiandika jina kwa chaki kabla hakijachanganyika na vya wengine, na tangu mkasa ule hakuna nakala iliyotoka nyumbani kwake bila kuandikwa usoni inakwenda wapi na kufanya nini.

Bwana Kesho akaishika kwa vidole viwili, kama soksi ya bwenini.

"Hii ni chafu. Lete safi, ambayo mtu anaweza kuitumia kwa jambo lolote."

"Ndiyo sababu nimeiandika, mzee."

"Na vyeti halisi utaviacha hapa. Na sasa hivi zitaingia tarakimu sita kwenye simu yako. Nitajie."

Hadubini akainua macho. Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Bwana Kesho, palikuwa na bango la Idara lenye herufi za ukubwa wa kiganja.

"Mzee, bango lenu linasema nisimtajie mtu yeyote tarakimu hizo."

Bwana Kesho akajinyoosha. "Mimi si mtu yeyote. Mimi ni Dirisha la Pili."

Hata hivyo alikuwa mtu mwema, akaenda kulitafuta jalada. Akarudi nalo amelikumbatia kama mtoto mchanga.

"Huyu Hadubini wa ghalani ana jalada zuri sana. Nakala safi, hazina hata doa. Stashahada. Picha ameshika kitambulisho. Jalada kama hili mtu unatamani kulioa."

"Mzee, hiyo picha ni mimi! Tazama nyuma, ule ni ukuta wa Shangazi. Ile ni cherehani yake. Ile suruali isiyo na mguu mmoja ni ya mwenyekiti wa mtaa."

Bwana Kesho akaitazama picha. Akamtazama msichana. Akaitazama picha tena. Kisha akaonyesha kwa kalamu maandishi mengine ukutani, ya shaba, yaliyowekwa na Mkurugenzi mwenyewe siku alipoingia madarakani: USO SI WARAKA.

"Mnafanana, sikatai," alisema kwa huruma. "Lakini kufanana si ushahidi. Sisi hatuhakiki watu, binti, watu hubadilika. Tunahakiki majalada. Njoo kesho."

Akaja kesho. Akaambiwa kesho.

Jumatano alikuta foleni haisogei, kwa sababu Bwana Kesho hakuwepo dirishani. Alikuwa ukumbini, penye mwanga mzuri, ameshika simu ya Mkurugenzi. Mbele yake Mkurugenzi alisimama wima, tumbo ndani, kitambulisho shavuni.

"Kidogo kushoto, Mheshimiwa. Tabasamu. Hapo hapo."

Simu ikalia mlio wa picha. Mkurugenzi akajifuta jasho, akaugeukia umma uliokuwa ukimsubiri, maana mtu hawezi kupata habari njema akanyamaza nayo.

"Ndugu wananchi, kazi ya Idara hii imesikika mbali. Baraza la Mabara Yote la Utambulisho limeniteua kuwa Rais wake. Nioneeni wivu." Akasoma kwenye simu: "'Mpendwa Mteule, hongera!'"

Hadubini aliwahi kuitwa hivyo hivyo. Akatoka kwenye foleni, akakodoa macho kama kawaida yake. Juu ya barua, kwenye kioo cha simu, palikuwa na nembo ya tai. Bomba la sindano lilikuwa limeondolewa, sasa tai alikumbatia dunia. Lakini tai ni yule yule, hata kucha moja iliyokatika.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani. Hiyo kazi uliiomba?"

"Binti, watu wa ngazi yangu hawaombi. Huombwa."

"Wamekuita wakakuona?"

"Wamenisikia."

"Mheshimiwa, huyo tai namjua. Ndiye aliyenila mimi. Kazi ya kweli haikuiti mpendwa. Tafadhali usitume hiyo picha, na zikija tarakimu sita..."

Tarakimu sita zikaingia pale pale. Mkurugenzi akamwekea Hadubini kiganja usoni, akaipigia simu namba ya Baraza la Mabara Yote, akazisoma kwa sauti kubwa, moja moja, kama mwalimu wa zamu anavyosoma majina ya waliochelewa gwaride. Alipomaliza akamgeukia.

"Sasa. Idara haipokei maonyo ya mdomo. Kuna Fomu ya Onyo. Nakala tatu, majibu baada ya siku kumi na nne za kazi. Hii ni ofisi, si sokoni."

Mtu mwingine angetupa kikaratasi chake cha foleni akaenda zake. Hadubini alifundishwa kwamba ukiona kitu, andika, hata kama hakuna atakayesoma. Akaomba Fomu ya Onyo. Akaijaza kwa mwandiko wa maabara: *Jumatano, saa tano na dakika kumi. Ukumbini. Mkurugenzi, mwanamume mfupi, kovu la kuungua kwenye gumba la kushoto, kifungo cha pili cha koti kimeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti, anapiga picha na kitambulisho na kutaja tarakimu sita kwa watu asiowajua. Naonya kwamba anaibiwa sasa hivi.*

Bwana Kesho akaisoma mara mbili. Katika miaka yake yote hakuwahi kupokea fomu isiyo na kosa hata moja. Akagonga muhuri, siku hiyo hiyo.

Alhamisi, Shangazi alimaliza kushona koti jeupe la maabara. Mfuko wa kifuani aliuacha mtupu. Akalitundika mlangoni, wakalitazama wote wawili.

"Jina nilishone," aliuliza, "au nisubiri?"

"Subiri, Shangazi."

Shangazi akatia uzi kwenye sindano hata hivyo, akaichomeka mfukoni ikae tayari.

Ijumaa saa tatu asubuhi Hadubini alishika foleni, namba 45. Nyuma yake akasikia mtu anahema. Akageuka. Namba 46 ilikuwa mkononi mwa Mkurugenzi.

Askari wa getini alikuwa amemkatalia kuingia kwa mlango wake, kwa adabu zote. Daftari Kuu lilionyesha kwamba Mkurugenzi alijiuzulu jana alasiri, kwa barua yenye saini yake, na tangu jana hiyo hiyo ameajiriwa mpakani, kwenye ghala, mlinzi daraja la mwisho. Jina moja, kazi moja. Wageni wanapita upande wa foleni.

Walipofika dirishani, Mkurugenzi hakuweza kusubiri. Akampita Hadubini kwa kiwiko.

"Kesho! Niruhusu niingie ofisini kwangu!"

"Jina?" akauliza Bwana Kesho.

"Unaniuliza jina mimi? Mimi ni Mkurugenzi!"

"Hicho ni cheo, bwana, na kiko wazi tangu jana. Una barua ya uhakiki iliyosainiwa na Mkurugenzi?"

"Nitaisaini mwenyewe!"

"Mtu hajisainii. Kanuni ya nne."

"Miaka tisa, Kesho! Miaka tisa nakutuma chai! Leo hunijui?"

Bwana Kesho akaweka kalamu chini. Akamtazama kwa muda ambao foleni nzima iliuhisi. Miaka tisa ilipita usoni mwa Bwana Kesho, kikombe baada ya kikombe, bila sukari, yenye sukari, hii imepoa, rudi nayo.

"Uso naujua," alisema polepole. Kisha akanyoosha kalamu kuelekea maandishi ya shaba.

Mkurugenzi akashika kingo za dirisha. Lakini hakuwa mjinga wa kanuni, alizitunga mwenyewe. "Kanuni ya tisa!" alifoka. "Aliyeibiwa anaweza kutambuliwa na shahidi, kama shahidi alieleza mwili wake kwa maandishi yenye muhuri wa Idara, kabla ya wizi kuingia daftarini!"

"Ipo," alikiri Bwana Kesho. "Haijawahi kutumika. Nani mwenye akili atakwenda kuandika..." Akafungua droo. Akatoa Fomu ya Onyo, safi, isiyo na kosa.

Wote wawili wakamgeukia Hadubini.

"Binti yangu," alisema Mkurugenzi, ambaye Jumatano hakuwa na binti. "Waambie. Kovu hili hapa. Kifungo hiki hapa."

"Polepole," alisema Bwana Kesho. "Shahidi lazima awe mtu aliyehakikiwa. Huyu hajahakikiwa. Kwenye majalada yetu, yeye ni Mkuu wa Walinzi na yuko mpakani."

"Basi mhakiki!"

"Nani asaini? Mkurugenzi hayupo. Madaraka hushuka mpaka kwenye dirisha lililo wazi." Akachungulia Dirisha la Kwanza. Lilikuwa kwenye chai. Akakohoa. "Nimeshukiwa. Lakini nahitaji sababu. Jalada la yule mwingine ni safi, la huyu limechorwachorwa."

"Si unaona picha?" Mkurugenzi alilia. "Ni yeye! Macho yale yale, pua ile ile, hata kipofu akipapasa atajua! Tazama uso wake!"

"Kwa hiyo uso ni waraka?" aliuliza Bwana Kesho, kalamu tayari. "Niandike hivyo?"

Mkurugenzi akayatazama maandishi ya shaba. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

"Leo," alisema kwa sauti ya chini, "ni waraka."

Muhuri ukashuka. Hadubini akaipokea barua yake, akaisoma yote mpaka tarehe, akatoa kalamu, akaandika kutoka kona hadi kona: *Kwa hospitali tu, Ijumaa.* Bwana Kesho alimtazama akifanya hivyo. Kisha akavuta nakala ya kitambulisho chake mwenyewe kutoka mfuko wa shati, akaanza kuiandika vivyo hivyo.

"Na mimi?" aliuliza Mkurugenzi.

Hadubini angeweza kuondoka. Miguu ilikuwa imeshageukia mlango. Lakini akamkodolea macho yule bwana mfupi, kovu, kifungo, jasho, akasema ukweli: "Ndiye. Ni huyu huyu." Akasaini ushahidi.

Bwana Kesho akaupokea kwa mikono miwili, akaugonga muhuri, akauweka kwenye trei. "Vizuri sana. Majibu baada ya siku kumi na nne za kazi."

"Kumi na nne! Nani aliyepanga upuuzi huo?"

"Mkurugenzi, bwana."

Hadubini hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia, barua kifuani, akavuka mji kwa miguu na kwa pikipiki, akasukuma mlango wa maabara saa sita kasoro dakika saba. Mama wa miwani mbili aliisoma barua, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha akatazama chini.

"Viatu ni vile vile," alisema.

Hadubini nusura alie kwa furaha. Akampigia simu Shangazi na kumwambia neno moja: "Shona."

Huku nyuma, Mkurugenzi alikaa kwenye benchi la wananchi, chini ya bango lenye picha yake akitabasamu na maneno *Uko Katika Mikono Salama*. Simu yake ikalia. Aliirukia haraka, akidhani ni Waziri.

"Hapa ni ghala la mpakani," ilisema sauti ya mwanamke, kavu kama ubao. "Naongea mimi, Mkuu wa Walinzi." Barua ya kumwondoa mama huyo ghalani ilikuwa njiani, na ingefika baada ya siku kumi na nne za kazi. "Wewe ndiye mlinzi mpya? Mbona hujaripoti?"

"Mama, sikiliza, kuna makosa. Mimi siye..."

"Siye nani? Jalada lako ninalo hapa. Safi, halina hata doa. Mpaka picha umeshika kitambulisho, unachekelea. Sasa nisikilize. Mimi ni mfanyakazi bora, na sipendi uvivu. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, getini, buti zimepigwa rangi, na tochi uje na yako."

Mkurugenzi akatazama kulia, penye mlango wa ofisi yake. Akatazama kushoto, lilipokuwa Dirisha la Pili. Bwana Kesho alikuwa amelifunga, na nyuma ya kioo alionekana amekaa, ameegemea, akinywa chai aliyoletewa na mtu.

Mkurugenzi akairudisha simu sikioni. Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye jalada lake limekamilika, akauliza tochi iwe ya betri ngapi.